Twende Kakamega mchana, watoto waione njia

KILA mwaka shule zinapofungwa na Krismasi ikakaribia, mitaa kama Kangemi na Kawangware jijini Nairobi huanza kupungua watu. Mabegi hufungwa, mikate hununuliwa, sukari na majani ya chai hutiwa katika katoni na kukazwa kwa kamba. Kwenye steji za mabasi yaendayo Magharibi misururu huwa mirefu kuliko siku nyingine zote za mwaka. Waulize wasafiri hao waendako na wengi watakujibu kwa neno moja tu: nyumbani.

La kusikitisha ni kwamba baadhi ya watoto wanaopakiwa katika safari hiyo hawajui nyumbani ni wapi. Hupanda basi usiku, wakalala kabla halijapita Limuru, na kuamshwa Kakamega kukipambazuka. Karibu kilomita 400 za nchi yao zimewapita wakiwa usingizini. Wako na wengine ambao hali yao ni mbaya zaidi. Safari pekee wanazozijua za kwenda kwa babu ni zile za matanga, ambapo gari hufuata jeneza usiku kucha, watu wazima wakilia na hakuna anayesimama kumweleza mtoto lolote. Mtoto kama huyo akikua, neno "nyumbani" humkumbusha kifo na udongo mwekundu, basi.

Makala haya yanatoa rai moja kwa wazazi wa mjini. Familia yenye uwezo wa kuchagua na isafiri mchana, isimame njiani, na watoto waelezwe wanachokiona. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni uhai na ya pili ni urithi.

Haraka haina baraka

Tuanze na uhai, maana asiyefika hana cha kurithi. Mnamo Oktoba 10, 2018, kabla ya jua kuchomoza, basi lililokuwa likitoka Nairobi kwenda Kakamega lilianguka huko Fort Ternan, Kaunti ya Kericho. Watu zaidi ya 50 walifariki, watoto wakiwa miongoni mwao. Hiyo ni barabara yetu, na abiria wale walikuwa wakienda huku huku tunakokwenda sisi.

Hata hivyo, si usiku pekee unaoua. Jioni ya Juni 30, 2023, lori lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Kericho, likawavamia wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya njia. Watu zaidi ya 50 walipoteza maisha. Wengi wa waliokufa hawakuwa wakiendesha gari lolote. Walikuwa wakiuza, wakinunua au wakingoja usafiri.

Nao mkasa wa Sachang'wan, karibu na Molo, haufai kusahauliwa kamwe. Mnamo Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipinduka hapo. Watu walimiminika na mitungi kuteka petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakaangamia.

Matukio hayo matatu yana mafunzo matatu ambayo kila mzazi anafaa kuwasomea wanawe kabla ya kuondoka. Usisafiri usiku iwapo waweza kusafiri mchana. Usisimame ukingoni mwa barabara kuu kununua mahindi. Tafuta mahali palipotengwa pa kuegesha, mbali na njia ya malori. Na ukiona lori la mafuta limeanguka, kimbia ukielekea upande mwingine, hata kama kila mtu analikimbilia.

Kabla ya kung'oa nanga

Safari njema huanza wiki moja kabla. Mwenye gari alipeleke kwa fundi akague breki, tairi, taa na maji ya rejeta. Tairi la akiba litazamwe kama lina upepo, kwani wengi huligundua limelala siku ile wanayolihitaji. Kila kiti kiwe na mkanda, na kila mtu aufunge, hata yule shangazi anayedai unambana.

Familia itakayopanda basi nayo ina la kufanya. Kateni tiketi mapema kwa sababu nauli hupanda Krismasi inapokaribia. Chagueni basi la alfajiri, na watoto wapewe viti vya dirishani. Magari ya abiria kisheria hayaruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Abiria akiona dereva anapaa ana haki ya kumwambia apunguze mwendo, na akina mama wawili watatu wakipaza sauti pamoja, dereva husikia.

Kuhusu pesa, ushauri ni huu: kabla ya kununua zawadi yoyote, weka kando nauli ya kurudi au mafuta ya kurudi pamoja na karo ya Januari. Pesa hizo zikae mahali ambapo hata harambee ya kanisa la nyumbani haitazifikia. Wapo watu wazima ambao kila Januari huonekana wakiuza mbuzi wa babu ili wapate nauli ya kurudi kazini.

Chakula cha njiani kisiwe cha mafuta mengi. Mayai ya kuchemsha, ndizi, viazi vitamu na maji vinatosha. Mtoto anayetapika garini apewe kiti cha mbele au cha dirishani, atazame mbali, na akitafuna kipande cha tangawizi huenda akapata nafuu. Beba mifuko michache na kitambaa cha akiba.

Kuteremka Bonde la Ufa

Ukiondoka Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, jua litakukuta Rironi, mahali njia zinapogawika. Njia ya juu hupitia Limuru na Kinale hadi Naivasha. Njia ya chini huteremka ukingo wa bonde hadi Mai Mahiu. Kazi ya kuipanua barabara hii kutoka Rironi hadi Mau Summit ilizinduliwa Novemba 2025, hivyo basi msafiri ajiandae kwa michepuko na misongamano, asijilaumu akichelewa.

Anayepita juu hukutana na masoko ya kando ya barabara yenye viazi, kabeji, karoti na minji. Ni vizuri kununua wakati wa kurudi, lakini wakati wa kwenda mwonyeshe mtoto tu. Mwambie mboga hizi hupenda baridi, na ndiyo maana zinastawi huku juu. Mwache atoe mkono dirishani gari likiwa limesimama aihisi baridi yenyewe.

Anayepita chini ana bahati nyingine. Katikati ya mteremko kuna mahali pa kuegesha gari na kulitazama Bonde la Ufa lote likiwa limetandazwa, Mlima Longonot ukiwa umesimama mbele yake. Longonot ni volkeno yenye urefu wa mita 2,776. Chini yake kidogo, kando ya barabara, kuna kanisa dogo mno lililojengwa mwaka wa 1942 na Waitaliano waliokuwa wafungwa wa vita. Ndio hao hao waliotumiwa kuijenga barabara hiyo. Mwanafunzi wa historia aliyekariri darasani kwamba Vita vya Pili vya Dunia vilifika Afrika Mashariki atayaona hapo maneno hayo yakiwa mawe na saruji.

Kituo cha kwanza cha kunyoosha miguu ni Naivasha. Hapo kuna vyoo, maziwa baridi na nafasi ya watoto kukimbia kidogo. Ukipita Gilgil, tazama upande wa kushoto uone Ziwa Elementaita. Maziwa ya Elementaita, Nakuru na Bogoria yaliorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka wa 2011. Karibu na hapo ni Kariandusi, ambapo mashoka ya mawe ya watu wa kale yalifukuliwa na kuachwa yaonekane pale pale yalipokuwa. Mtoto anayedhani historia ya Kenya ilianza na Mzungu aletwe hapa kwa nusu saa.

Nakuru, ambayo ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka wa 2021, ni mahali pa kunywa chai na kupima upepo wa tairi. Juu ya jiji hilo ni kreta kubwa ya Menengai. Usiwaruhusu watoto walale bado. Safari ngumu ndiyo inaanza.

Chai ya Kericho na jasho la wazee

Kutoka Nakuru barabara hupanda kupitia Salgaa na Sachang'wan hadi Mau Summit. Dereva asishindane na malori hapa, apande polepole na kuteremka kwa gia. Abiria wanyamaze kidogo wakipita Sachang'wan, kwa heshima ya waliolala hapo.

Mau Summit njia hugawika tena. Mmoja ataelekea Eldoret, kisha Kapsabet na Chavakali. Mwingine atashika njia ya Kericho na Kisumu. Zote zitamfikisha Kakamega. Sisi tunashika ya Kericho kwa kuwa ina mengi ya kumwonyesha mtoto.

Majani ya chai ya Kericho hayahitaji maelezo ya uzuri wake; yametandazwa kama zulia kila upande. Yanayohitaji maelezo ni mambo yasiyoonekana. Chai ilianza kulimwa hapa kwa wingi na makampuni ya kigeni katika miaka ya 1920. Mwaka wa 1934 serikali ya mkoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa Wakipsigis, na kuwapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Vibarua wa mashamba hayo nao walitoka pande nyingi, wakiwemo vijana wengi kutoka Magharibi. Huenda babu wa mtoto wako, au kaka yake babu, aliwahi kuchuma majani hapa akiwa kijana ili apate kodi ya kichwa. Muulizeni mtakapofika. Swali kama hilo humfungua mzee mdomo kuliko zawadi ya koti.

Kericho ndipo pa kula chakula cha mchana. Tafuta mkahawa ulio mjini, mketi mezani kama familia, na dereva apumzike saa nzima. Dereva aliyeshiba vizuri huhisi usingizi, kwa hivyo atembee kidogo kabla ya kushika usukani.

Kutoka baridi hadi joto la ziwa

Sehemu inayofuata ni somo la jiografia ambalo halina ada. Mwambie mtoto atazame mimea na kuhesabu inavyobadilika. Kericho ni chai. Barabara inapoteremka, chai inatoweka na hewa inaanza kuwa na joto. Awasi na Ahero, uwanda umelala chini na mashamba ya mpunga yametota maji. Kwa upande wa Miwani na Chemelil ni miwa. Koti lililovaliwa Kinale asubuhi sasa liko sakafuni. Mtoto ameteremka kutoka nyanda za juu hadi Kisumu, penye mwinuko wa kama mita 1,130 tu juu ya bahari, na ngozi yake imejifunza yale ambayo mwalimu huchora ubaoni.

Kisumu ndipo reli iliyoanzia Mombasa mwaka wa 1896 ilipofikia ziwa Desemba 1901. Mji wenyewe Waingereza waliuita Port Florence. Mwaka uliofuata, 1902, wamishenari watatu Wamarekani wa kanisa la Marafiki, wale tuwaitao Makweka, walishuka kwenye reli hiyo, wakashika njia ya kwenda milimani na kuanzisha misheni ya Kaimosi. Leo hii Magharibi ya Kenya ni mojawapo ya sehemu za dunia zenye Makweka wengi zaidi. Kama jina la babu ni Yohana au Petro, na kama nyanya haendi popote Jumapili ila kanisani, mizizi ya jambo hilo imepita katika njia hii.

Ikiwa muda unaruhusu, nunueni samaki wa kukaangwa. Ngege na sangara wa ziwani ni zawadi ambayo hakuna nyanya atakayeikataa, na husaidia pia kuokoa kuku mmoja.

Kupanda kwenye mawe

Kisumu hadi Kakamega ni kama kilomita 50 tu. Mtu aliyechoka hutamani kuzimaliza kwa dakika thelathini. Msomaji, hapa ndipo unapofaa kwenda polepole kuliko kwingine kote, maana hapa ndipo nyumbani panapoanza.

Ukipita Kondele na Mamboleo, barabara hupanda hadi Kiboswa. Kati ya hapo na Mbale, gari huvuka mstari wa Ikweta. Mtoto aliyelala Nairobi katika nusu ya kusini ya dunia atalala leo katika nusu ya kaskazini. Pande zote kuna mawe makubwa ya Maragoli, mengine yamebebana kana kwamba yalipangwa na jitu. Nyumba zimekaribiana sana na mashamba ni vipande vidogo vya mahindi, migomba na majani ya chai. Hapa mzazi anaweza kumweleza kijana wake kwa upole kwa nini watu wengi wa Magharibi walitoka kwenda kutafuta kazi mbali: ardhi iligawanywa kwa wana, na wana wa wana, mpaka ikawa haitoshi kulisha nyumba moja.

Baada ya Mbale, makao makuu ya Kaunti ya Vihiga, ni Chavakali, kisha Khayega. Khayega na Shinyalu zinajulikana kwa mapigano ya fahali ya Waisukha na Waidakho. Si kama yale ya Uhispania ambapo binadamu humchoma mnyama. Huku fahali hupambana na fahali mwenzake hadi mmoja akimbie, na mwenye aliyeshinda hutembea kijijini kifua mbele. Ni burudani ya sikukuu, lakini watoto wakae mbali, kwani fahali anayekimbia hachagui njia.

Kilomita chache kabla ya mji wa Kakamega ni Ilesi. Simama hapa hata kama umechelewa. Kwanza kuna vyungu vya udongo vinavyofinyangwa na wenyeji na kupangwa kando ya barabara. Pili, kuna Jiwe Linalolia, ambalo wenyeji huliita Ikhongo Murwi. Ni nguzo ya mwamba yenye urefu wa kama mita 40, juu yake pameketi jiwe jingine kama kichwa juu ya mabega, na maji hutiririka kutoka huko juu kama machozi. Kwa nini linalia? Hadithi ziko nyingi. Mmoja atakuambia ni binti aliyekatazwa kuolewa na ampendaye. Mwingine atakupa kisa tofauti kabisa. Usimsimulie mtoto ulichosoma. Mwambie amuulize babu usiku, kisha siku ya pili amuulize jirani, alinganishe. Hivyo ndivyo fasihi simulizi inavyofanyiwa utafiti, na mwanafunzi wa sekondari atapata hapo insha ambayo wenzake hawataipata vitabuni.

Mji wa dhahabu na msitu wa kale

Kakamega ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi hadi mikoa ilipotoa nafasi kwa kaunti mwaka wa 2013. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1930 jina lake lilivuma hata London kwa sababu ya dhahabu. Wachimbaji Wazungu walimiminika wakapiga mahema. Mwaka wa 1932 serikali ya mkoloni iliibadilisha sheria iliyolinda ardhi ya Waafrika ili migodi ipate kuchimbwa. Mtaa wa Rosterman bado una jina la mgodi wa enzi hizo. Mtoto anayeuliza kwa nini wazee hupenda kuzungumza juu ya mipaka ya shamba anaweza kuanza kupata jibu hapo.

Siku moja ya likizo itengewe msitu. Msitu wa Kakamega ni masalio ya msitu wa mvua ulioenea zamani kutoka Kongo na Afrika Magharibi, na hakuna mwingine wa aina yake nchini Kenya. Una zaidi ya aina 300 za ndege, akiwemo yule mkubwa wa samawati mwenye kishungi ambaye humfanya hata mtu mzima asimame mdomo wazi. Sehemu ya Buyangu, upande wa kaskazini, ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka wa 1985. Chukueni mwelekezi wa hapo, vaeni viatu vya kufunika, mwende asubuhi kabla ya mvua ya alasiri. Mwelekezi atawaambia mti huu hutibu nini na ule huitwaje kwa lugha ya wenyeji.

"Mulembe" kabla ya kufika

Tumefikia sasa kiini cha jambo. Mtoto amefika mlangoni kwa nyanya yake. Nyanya amemkumbatia, amemsemesha, naye mtoto anamtazama baba amtafsirie. Kwa dakika moja hiyo, kati ya damu na damu pamesimama mkalimani. Nyanya hatalalamika. Atatabasamu, kisha ataenda jikoni, na huko jikoni atasema yaliyo moyoni mwake.

Dawa yake si kumkemea mtoto, kwani hakujinyima lugha mwenyewe. Dawa ni zile saa nane za garini. Katika muda huo anaweza kufundishwa maneno kumi na akayashika. Aanze na "mulembe", salamu ya amani inayoeleweka kwa Waluhya karibu wote. Ajue "kukhu" ni nyanya na "kuka" ni babu, ijapokuwa Mmaragoli atasema "guku" na "guga". Ajue "senje" ni dada ya baba na "khotsa" ni ndugu ya mama, na kwamba watu hao si "anti" na "anko" wa kupita tu bali wana nafasi yao katika mambo yake ya ndoa, ugonjwa na urithi. Ajue kwamba kijana akibalehe hujengewa isimba yake na halali tena nyumba moja na wazazi. Atafika akiwa na kitu mkononi.

Hatari ya kutofanya hivyo si ya kubuni. Mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa kwa dharura. Isukuti hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya paa na njuga, huku mwimbaji mmoja akiongoza na safu za wanaume na wanawake zikiitikia kwa mabega na miguu. Huchezwa mtoto anapozaliwa, vijana wanapotahiriwa, watu wanapooana na hata mtu anapozikwa. Iliorodheshwa hivyo kwa sababu wanaoijua vyema wengi ni wazee na warithi wao ni wachache. Warithi hao ndio hao waliolala kwenye viti vya nyuma tangu Limuru.

Basi mkisikia isukuti inalia kwa jirani, msimzuie mtoto kwa kuogopa vumbi. Mpelekeni. Akipewa ngoma ndogo ashike, aipige hata kama anakosea.

Kurudi kwa amani

Wako watakaosema kwamba kusimama njiani ni kupoteza wakati na pesa. Ni kweli kwamba safari ya mchana hula siku nzima ya likizo, na mfanyakazi aliyepewa siku tano tu ana sababu ya kulalamika. Lakini kutazama Bonde la Ufa hakuna kiingilio. Kuhesabu mimea hakuna ada. Na aliye ndani ya basi lisilosimama popote isipokuwa Nakuru bado ana dirisha na ana mdomo wa kusimulia. Kama mwaka huu hamwezi kusimama vituo vyote, simameni kimoja, na mwakani kingine. Kijana atakayefikisha umri wa kuendesha gari mwenyewe atakuwa ameijua njia yote.

Siku ya kurudi, jihadharini na haraka ile ile. Magari husongamana sana baada ya Mwaka Mpya, kila mtu akikimbilia kazi na shule. Ondokeni siku moja kabla ya wengine ikiwezekana, tena alfajiri. Nyanya atakuwa amejaza gari ndizi, karanga, mahindi na kuku aliyefungwa miguu. Pokeeni vyote, hata kama hakuna nafasi. Kuku awekwe mahali penye hewa asife njiani, maana nyanya atapiga simu kuuliza alifikaje.

Wazazi, mjini tunawanunulia watoto vitabu, sare na mafunzo ya ziada, na hayo yote ni mema. Lakini ipo elimu ambayo ni mzazi pekee anayeweza kuitoa, nayo iko kati ya Rironi na Ilesi. Mwacha asili ni mtumwa, na mtoto hawezi kuishika asili ambayo hakuonyeshwa njia yake. Mwaka huu tokeni mchana, mwende polepole, mfike salama. Mulembe.